Tulikwenda ugenini kufundisha Kiingereza chini ya misheni, hatujawahi kushika chaki. Ulizeni

Chaki Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda naona mtu humu anauliza kuhusu hizi nafasi za kujitolea nje zinazotolewa na makanisa na mashirika ya misheni, zile za "njoo ufundishe Kiingereza, uzoefu si lazima". Majibu anayopewa huwa ya aina mbili: nenda, Mungu atakutangulia, au achana nayo, unapoteza muda. Mimi nilikwenda, pamoja na mwenzangu mmoja, tukakaa miezi minane. Yeye mhasibu, mimi fundi kompyuta. Tulikuwa tumefundisha shule ya Jumapili, basi. Nchi siitaji, shirika silitaji pia, maana wapo wenzetu ambao bado wako kule, na wapo wanafunzi ambao kuonekana tu walikuwa karibu na sisi kunaweza kuwaletea maneno.

Naanza na aibu yangu ili tuimalize mapema.

Siku ya kwanza darasani walikuwa 26, watu wazima watupu, wamekuja baada ya kazi, wengine bado na vumbi la kazi. Nilikuwa nimeandaa somo la nyakati: uliopo, uliopita, ujao. Zote tatu kwa dakika tisini, eti tusipoteze muda. Nikachora jedwali zuri ubaoni, nikaanza kueleza kwa Kiingereza cha mtu aliyefaulu mitihani. Kila nikimaliza kipengele nauliza, "Do you understand?" Wanatikisa vichwa. Naendelea. Mwishoni nikawaomba kwa ishara kila mmoja aandike sentensi moja aliyojifunza leo. Baba mmoja wa mstari wa mbele, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, akaniletea daftari. Ameandika: Do you understand. La jirani yake: Do you understand. Nikahesabu, tisa wameandika hivyo hivyo. Kilichorudiwa sana ndicho walichoona kuwa somo, na ukifikiri vizuri hawakukosea.

Mwenzangu alikuwa amekaa nyuma na karatasi. Usiku akanionyesha hesabu zake, mhasibu ni mhasibu tu: katika dakika tisini mimi nimeongea sabini na mbili. Aliyeongea sana kati ya wanafunzi alisema maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa "yes".

Tulikuwa tumepewa semina ya siku tatu kabla ya kuondoka. Siku mbili na nusu zilikuwa za maombi, utamaduni na namna ya kuandika barua kwa wanaokuchangia. Nusu siku ndiyo ilikuwa ya kufundisha, na katika hiyo tulifundishwa nyimbo za watoto. Simlaumu mtu. Ila kwa kulinganisha tu: ile kozi ya CELTA inayosimamiwa na Cambridge, ambayo ni ya mtu anayeanza, inataka masaa yasiyopungua 120, na ndani yake ufundishe darasa la watu halisi kwa masaa 6 huku mkufunzi anakutazama na kukuandika. Sisemi kila anayejitolea awe nayo. Nasema kama huna, nenda kabla ya safari ukakae nyuma ya darasa la lugha yoyote wiki mbili, utazame mwalimu anavyofanya kazi. Sisi tungefanya hivyo tu, mwezi wa kwanza usingeharibika.

Mengine nitayasema kadiri mtakavyouliza.

Kalamu Kavu

Uzi mzuri mkuu, hiyo ya "Do you understand" nimecheka peke yangu kwenye gari la abiria. Sasa swali. Mlibadilisha nini? Na pili, wewe si Mwingereza, mimi pia nina Kiingereza cha shule. Hawakuwaona ni walimu wa kuazima?

Chaki Mkononi

Tulichobadilisha kwanza ni kuacha kuuliza kama wameelewa. Hakuna mtu mzima atakayesimama mbele za watu aseme hajaelewa. Badala yake tunampa kitu cha kufanya, na mikono yake inatujibu.

Mfano. Nilikuja na jiwe na kiti. Nikasema polepole, huku nafanya: put the stone on the chair. Put the stone under the chair. Mara tatu, bila maelezo yoyote. Kisha nikampa jiwe mama mmoja, nikasema neno, nikanyamaza. Akaliweka chini ya kiti. Nikasema "behind", akasita, akatazama wenzake, akaliweka nyuma. Nikampa mwingine. Baada ya dakika kumi na tano sikuwa nasema tena, wanaamrishana wenyewe, na kuna kijana ameambiwa aliweke jiwe juu ya kichwa cha mwalimu. Somo la vihusishi limekwisha na hakuna aliyesikia neno "vihusishi". Mbinu hii si yetu. Ilienezwa na mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, James Asher, kuanzia miaka ya 1960, na wazo lake ni jepesi: mtoto anaanza kutii amri kwa mwili muda mrefu kabla hajaanza kuongea, basi mwache na mkubwa asikie na atende kwanza. Usitegemee ikufikishe mbali, maana huwezi kuigiza kwa mwili neno kama "matumaini". Lakini kwa wiki za mwanzo inakuokoa.

Pia maagizo. Mimi nilikuwa nasema "sasa ningependa mgawanyike katika makundi ya watu wanne wanne halafu kila kundi lichague mtu mmoja". Nani ataelewa hiyo? Ukitaka wakae wanne, wahesabu kwa kidole, wakalishe, onyesha kundi moja likifanya, kisha sema neno moja: go.

Swali la pili ndilo nilikuwa nalingojea. Nilikwenda na huo woga. Nilidhani watataka Mzungu, na kusema kweli wiki ya kwanza wachache walimtaka. Ila kukisomea Kiingereza darasani kumbe ni mtaji. Chukua he na she. Sisi yeye ni yeye, mume au mke. Lugha ya wanafunzi wetu nayo ilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo mtu anamzungumzia mama yake mzazi anasema "he is sixty". Mwenzetu mmoja kwenye timu, aliyezaliwa na Kiingereza, alikuwa anasahihisha kila mara kwa upole na hakuelewa kabisa kwa nini watu wenye akili zao wanakosea kitu kidogo namna ile. Mimi nilielewa, kwa sababu mwalimu wangu alinichapa kwa kosa hilo hilo. Nilijua kuwa hawajasahau kanuni. Kanuni wanaijua. Shida ni kwamba ulimi unaanza kabla kichwa hakijauliza huyu ni mwanamke au mwanamume. Basi tukawa tunazoeza hilo tu, picha kumi za watu, haraka haraka, bila sentensi: he, she, she, he. Dakika tano kila siku. Ilichukua wiki sita ndipo ikaanza kutoka yenyewe.

Vivyo hivyo a na the. Aliyezaliwa nacho anakwambia "inasikika tu vibaya". Mimi ambaye lugha yangu haina hivyo vidudu ilibidi nitafute sababu zamani, kwa hiyo sababu ninayo.

Kuhusu matamshi nilikuwa mkweli kwao. Nikawaambia lafudhi yangu ni ya mtu aliyejifunza, na tukawa tunasikiliza sauti zilizorekodiwa za watu mbalimbali. Wengi duniani wanaokitumia Kiingereza si wale waliozaliwa nacho, na hao wanafunzi wenyewe wangekwenda kukutana na wafanyabiashara na mabaharia wa aina hiyo.

Msema Wazi

Naomba niwe mtu mbaya kidogo. Mleta uzi unazunguka. Tueleze: mlikwenda kufundisha Kiingereza au mlikwenda kubadili watu dini? Maana mimi si Mkristo, na ningekuwa mzazi kule nikajua mwanangu amekwenda kujifunza lugha, kumbe anatengenezwa aingie dini nyingine, tusingeelewana. Chambo ni chambo hata kama samaki anakipenda.

Mtumishi Mwaminifu

@Msema Wazi sioni tatizo. Wamisionari wamefanya hivyo miaka yote. Guido Verbeck alifika Nagasaki mwaka 1859, Ukristo ukiwa marufuku Japani, mabango ya katazo yakaja kuondolewa 1873. Alifundisha Kiingereza, na vitabu vyake vya kusomea vilikuwa Agano Jipya na katiba ya Marekani. Kati ya wanafunzi wake alikuwamo Okuma Shigenobu, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Na nyongeza kwa @Kalamu Kavu: Verbeck alizaliwa Uholanzi, Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake.

Chaki Mkononi

@Msema Wazi si ubaya, ni swali halali, na niliahidi kusema tulipoharibu. Hapa ndipo penyewe.

Mwezi wa tatu kiongozi wa kituo alikuja. Darasa lilikuwa limenoga, watu 26 wamebaki 26, jambo ambalo si la kawaida kwa darasa la bure. Shirika lilitaka ripoti ya mwezi, na fomu ya ripoti ilikuwa na safu ya "waliofikiwa" na safu ya "waliofanya uamuzi". Safu ya "wanaoweza kuuliza bei" haikuwepo. Akatwambia siku ile tumalize somo dakika ishirini mapema, yeye atasema neno. Mwenzangu akasema hapana, hatukuwatangazia hivyo. Mimi nikasema ndiyo. Naandika hili ili lisomeke vizuri: ni mimi niliyesema ndiyo.

Akasimama, akahubiri kwa mkalimani, akatoa wito wa kuokoka. Akaomba wanaotaka sala ya toba wainue mikono. Wakatazamana. Wakainua. Wote. Unajua kwa nini? Kwa sababu miezi mitatu nilikuwa nimewazoesha kwamba mwalimu akiomba kitu, wote tunafanya pamoja. Mikono ile ile iliyokuwa inaweka jiwe chini ya kiti. Kiongozi alitoka akimshukuru Mungu, akaandika 26 kwenye safu yake.

Somo lililofuata walikuja 11.

Yule baba wa mwandiko mzuri alikuwa mmoja wa waliokuja. Alisubiri wenzake watoke, akaniambia kwa Kiingereza alichokuwa nacho, na ninakiandika kama alivyosema: "Teacher, one day English, one day God. Not one day two." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisahihisha kama mimi nilivyokuwa namsahihisha.

Tukabandika matangazo mawili mlangoni kwa lugha yao, tuliyoandikiwa na mwanafunzi mmoja. La kwanza: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Kiingereza, na ndani yake hakuna dini. La pili: Jumapili jioni, kusoma Biblia kwa anayetaka, asiyetaka darasa lake liko palepale. Kiongozi hakufurahi, tulivutana wiki mbili, nilidhani tutarudishwa. Wanafunzi walirudi hadi 22, wanne hatukuwaona tena. Jumapili walikuwa wanakuja watano au sita, wengine kwa udadisi, na maswali waliyouliza yalikuwa magumu kuliko niliyowahi kuulizwa kanisani kwetu.

@Mtumishi Mwaminifu mfano wa Verbeck naukubali, lakini uangalie vizuri. Vijana wale walikuwa wasomi, walijua kitabu walichoshika ni kitabu gani, na walijua mwalimu wao ni nani. Wangu hawakujua kilichowangoja mwisho wa somo. Mimi ni muumini, sijaacha kuwa muumini, na sikwenda kule kwa kujificha. Lakini ukimwambia mtu njoo ujifunze lugha, deni lako kwake ni lugha. Ukilipa hilo deni vizuri akakuuliza kwa nini umetoka mbali kufanya kazi bila mshahara, hapo una ruhusa ya kujibu.

Msema Wazi

Nimekuelewa. Sijakubaliana na yote lakini nimekuelewa. Huyo mzee wa "not one day two" ana akili.

Mzee wa Vibali

Niongeze upande wangu, nilifanya kazi ya makaratasi ya wasafiri miaka mingi. Vijana wengi wanadhani kwa kuwa hawalipwi basi si kazi, kwa hiyo wanaingia kwa viza ya utalii. Nchi nyingi hazioni hivyo. Kufundisha ni kazi hata bila malipo, na inataka kibali cha kazi au cha kujitolea. Ukikamatwa, shirika litaandika barua ya kusikitika. Anayepandishwa ndege ni wewe.

Pili, sheria za dini. Nepal kwa mfano, katiba ya mwaka 2015 inakataza kumbadili mtu dini, na sheria ya makosa ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 imeweka kifungo hadi miaka 5 na faini hadi rupia 50,000, na mgeni akimaliza kifungo anaondoshwa nchini. China nayo ina kanuni tangu 1994 zinazozuia wageni kuhubiri kwa wenyeji. Msiende mkiwa hamjasoma sheria ya mnapokwenda, na msiisome kwa mdomo wa anayewapeleka.

Tatu, kwa wanaofikiri kujitolea ni njia ya kupata baadaye kazi ya kulipwa ya kufundisha: kuna nchi zinataka uraia fulani. Viza ya ualimu wa lugha Korea Kusini, ile ya E-2, kwa Kiingereza wanapokea raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Unaweza kuwa mwalimu bora kuliko wote, pasipoti ikakukatalia.

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Kadi ya homa ya manjano ukishachanja inatambuliwa maisha yote tangu Julai 2016, usikubali kuambiwa imekwisha muda baada ya miaka kumi. Na kama mtafundisha watoto, shirika lisilokudai hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai ni shirika la kukimbia. Likikuamini wewe bila kuuliza, limewaamini na wengine.

Binti wa Daftari Saba

Nimesoma nikasisimka. Mimi nilikuwa upande wa pili, mwanafunzi. Sisemi ni wapi. Tulikuwa tunaletewa walimu wa kujitolea, kila baada ya miezi michache timu mpya. Watu wazuri sana, wanacheka, wanapiga picha. Kila timu ikija inaanza na "My name is". Halafu rangi. Halafu sehemu za mwili. Tukifika "jana nilikwenda sokoni", wanaagwa, tunaimba, tunalia, inakuja timu nyingine: "My name is". Nina madaftari saba, yote ukurasa wa kwanza ni jina langu na ukurasa wa pili ni rangi.

Tulikuwa tunajifanya hatujui ili tusiwavunje moyo. Hilo hakuna mwalimu aliyewahi kuligundua. Mtoto wa miaka kumi na mbili anajua "elbow" tangu ana tisa, lakini anasitasita kwa adabu mpaka mgeni afurahi kuwa amemfundisha.

Swali langu kwa mleta uzi: mlipoondoka, mliacha nini?

Chaki Mkononi

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Tulipofika hatukukuta chochote kutoka kwa waliotutangulia, isipokuwa kabati la vitabu vya watoto vilivyochangwa, vingi vinahusu theluji. Hatukujua walifundisha nini. Inawezekana kabisa na sisi tulifanyiwa adabu mwezi wa kwanza, sasa umenifanya nianze kukumbuka nyuso.

Tulichofanya ni daftari. Mwenzangu ndiye aliyeanzisha, tena kwa mtindo wa leja: tarehe, waliohudhuria, tulichofundisha, kilichoshindikana, na nani yuko wapi. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kuna vipimo vya Ulaya vya viwango vya lugha, A1 mpaka C2, ngazi sita, vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Hutakiwi kuwa mtaalamu kuvitumia. A1 ni mtu anayeweza kujitambulisha na kuomba vitu vya kawaida ukiongea naye polepole. A2 anaweza kueleza ratiba yake na mambo yanayomhusu kila siku. B1 anajikwamua safarini na kueleza maoni yake na sababu. Tulikaa na kila mwanafunzi dakika kumi tukaongea, tukaandika herufi kando ya jina. Katika "darasa la wanaoanza" tulikuwa na watu wa A1, A2, na wawili wa B1 waliokuwa wamekaa miezi mitatu wakisikiliza rangi. Kwa adabu!

Wale wawili wakawa wasaidizi wetu. Hapa nilijifunza kwa Frank Laubach, mmisionari Mmarekani aliyefanya kazi Mindanao, Ufilipino, kati ya Wamaranao, ambao ni Waislamu. Karibu na mwaka 1930 alianza kwa kujifunza lugha yao kutoka kwao, ndipo akatengeneza chati za kuwafundisha kusoma lugha hiyo hiyo. Mdororo wa uchumi ulipokausha fedha za kuwalipa walimu, kazi ikaendelea kwa sharti kwamba kila anayejua amfundishe mwingine. Yeye alikuwa anafundisha kusoma, si Kiingereza, lakini hoja inahama vizuri: kama kazi inategemea mgeni awepo, siku mgeni akiondoka imekwisha.

Na hilo la kujifunza lugha yao lilitupiga sisi pabaya. Waswahili tunajua historia yetu: Edward Steere alifika Unguja 1864, na kufikia 1870 ameshachapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili. Sisi mwezi wa pili tulikuwa hatujui kusema "subiri". Tukaomba wanafunzi watufundishe robo saa kabla ya kila somo. Wao walicheka matamshi yetu, na baada ya hapo waliacha kuogopa tucheke ya kwao. Hakuna mchezo wala wimbo uliolifungua darasa kama ile robo saa.

Tulichoacha: madaftari manne, wasaidizi wawili wanaofundisha siku za Jumatatu, na matangazo mawili mlangoni. Waliotufuata walikuwa nayo yote mkononi siku ya kwanza. Kama waliyasoma, sina uwezo nalo.

Sijui Kuimba

Shikamooni wakubwa. Mimi naondoka mwezi ujao na mke wangu, ni mara ya kwanza kwetu, darasa la watu wazima. Baada ya kusoma hapa mke wangu amesema afadhali tulivyochelewa kufunga masanduku. Naomba mnisaidie mambo mawili. Siku ya kwanza kabisa nifanye nini? Na nikikwama katikati ya somo, maneno yameisha na dakika arobaini bado zipo, nafanyaje?

Chaki Mkononi

Marahaba, na hongereni.

Siku ya kwanza usifundishe. Pima. Kaa na mmoja mmoja, mke wako awape wengine kitu cha kufanya, hata kuchora ramani ya njia wanayopita kuja darasani na kuandika neno lolote la Kiingereza wanalolijua juu yake. Hizo ramani zihifadhi, utazitumia wiki tatu: kulia, kushoto, karibu na, mbele ya, "natembea", "nilitembea". Na waulize, kwa mkalimani kama yupo, wanataka Kiingereza cha nini. Kwetu tulidhani wanataka mazungumzo. Kumbe wengi walitaka kujaza fomu, na mmoja alitaka aweze kusoma maandishi ya kwenye dawa za mama yake. Tulikwenda na mtaala mzima wa misheni uliochapishwa kwa rangi, na hakuna fomu wala dawa ndani yake.

Vya kubeba: saa ya mkononi, uzi wa kufungia picha, chaki zako mwenyewe, vitu halisi vidogo vidogo. Usibebe vitabu. Umeme ukikatika, projekta ni sanduku tu.

Mgawane kazi na mkeo. Mmoja afundishe, mwingine ahesabu nani ameongea. Mtagombana wiki ya kwanza, inapita. Na siku moja kwa wiki isiwe ya darasa wala ya ibada, msipofanya hivyo mtaanza kuwachukia watu mliowafuata kwa upendo. Hili linatokea, ila kwenye barua za wachangiaji haliandikwi.

Kukwama: nilikwama mwezi wa tano. Somo la wakati uliopita, nimemaliza kila kitu, natazama saa, dakika thelathini na tano. Nikafanya nilichoona kimebaki, nikampa chaki baba wa mwandiko mzuri, nikaenda kukaa kwenye kiti chake.

Akasimama. Akafuta ubao wote, taratibu, mpaka pembeni. Akachora jedwali langu la siku ya kwanza, safu tatu, mistari imenyooka kuliko niliyochora mimi, akaanza kueleza kwa Kiingereza bila kupumua, huku mkono mmoja mfukoni kama ninavyosimama mimi. Kisha akageuka, akalitazama darasa kwa uso mzito, akauliza:

"Do you understand?"

Watu ishirini na mmoja, kwa sauti moja: "No!"

Muda uliobaki tulitumia kucheka.